Sanduku la Fausta

Umeme ulikatika saa nne asubuhi, siku ya Jumatatu, foleni ya malori ikiwa imeshafika Chapwa. Tunduma ndiyo hiyo: mji unaoilisha nchi ushuru, wenyewe ukilala gizani na kuamka vumbini. Wakubwa huja na magari ya vioo vyeusi, husema mpaka huu ni lango la uchumi, kisha hupandisha vioo na kuondoka kabla vumbi halijatua.

Katika kibanda cha Hezron, hatua mia moja kutoka geti la Zambia, watu kumi na wawili waliguna kwa pamoja. Mashine ya fotokopi ilikuwa imenyamaza na karatasi mdomoni.

"Basi tena," alisema Hezron, akifuta mikono kwenye suruali. "Tusubiri mpaka watakapojisikia."

"Watakapojisikia akina nani?" iliuliza sauti ya mwanamke kutoka nyuma.

"Wenye umeme wao, mama."

"Mimi si mama yako. Mimi nina lori la saruji getini na hati yake iko humu."

Watu walimpisha bila kuombwa. Alivaa sketi ya kitenge cha rangi ya damu ya mzee, blauzi nyeupe iliyonyooka kwa pasi, na viatu vya kisigino ambavyo asubuhi vilikuwa vyeusi na sasa vilikuwa vya kijivu. Flashi ilining'inia shingoni mwake kwa uzi mwekundu. Aliinama, akachungulia chini ya meza.

"Na hiyo betri ya lori hapo chini ni pambo?"

"Hiyo ni ya redio yangu."

"Redio inasema nini cha maana?"

"Hotuba za wakubwa."

"Basi izime, uchape hati yangu. Utakuwa umeokoa lori na masikio yako kwa mkupuo mmoja."

Watu wakaangua kicheko. Mbadilishaji mmoja wa kwacha, aliyeshika bunda la noti kama mkate, akasema, "Fundi, leo umepata kiboko yako!"

Hezron hakucheka, maana kicheko kilikuwa kimemtoka zamani. Lakini aliinama, akachomoa nyaya za redio, akaziunga kwenye kompyuta kupitia kile kisanduku cha kugeuza umeme alichokiunda mwenyewe. Hati ikachapwa. Mwanamke akaisoma mstari kwa mstari, akaikunja.

"Umesomea wapi?"

"Sikusoma. Darasa la saba, Nanyala. Nilianza na redio."

"Mimi nimesoma mpaka chuo na sijui kuunga waya," alisema. "Naitwa Fausta. Niko kwa Bosi Abdulswamad, wakala wa forodha. Kuna kazi pale. Njoo kesho, na usije na uso huo wa msiba."

Uso ule ulikuwa wa msiba kweli, na Fausta hakujua. Hezron alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na miaka mitatu nyuma alimzika mkewe, Anastazia. Siku ile gari la wagonjwa lilikuwa na dereva, lilikuwa na nesi, halikuwa na mafuta. Tangu hapo kila baya lililomfika Hezron lilikuwa na mwenyewe. Mvua ikichelewa, ni wao, wakubwa. Barabara ikiwa na shimo, ni wao. Sukari ikipanda, ni wao. Na katika simu yake ndogo yenye kioo kilichopasuka, namba ya Anastazia ilikuwa bado imekaa ya kwanza kabisa, ingawa laini ilikwishazimwa. Hakuipiga. Alipenda tu kuliona jina.

*

Bosi Abdulswamad alikuwa mtu wa Tanga, aliyefika Tunduma na robota moja la mitumba wakati biashara ilipofunguliwa, na sasa alikuwa na malori sita na tumbo la kuyafanania. Mwaka ule wa 2012 alinunua seva, kompyuta kubwa nyeusi ya kutunza imeili za kampuni, kwa sababu mshindani wake alikuwa nayo.

"Nataka kila mtu wangu awe na anwani yenye jina la kampuni," alisema. "Sitaki hizi anwani za bure kama za wanafunzi. Fundi, utaweza?"

"Kitabu chake ni cha Kiingereza, bosi."

"Fausta atakusomea."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila mchana Fausta alivuta stuli kando ya ile mashine, akafungua kitabu, akasoma Kiingereza kwa sauti na kukigeuza Kiswahili, na Hezron akasikiliza huku amefumba macho. Mara nyingi Fausta alisoma bila kuelewa. Hezron alielewa bila kuweza kusoma.

"Hapa wanasema seva ni lazima ijue kila sanduku lililo chini ya jina lake. Sasa hiyo nini?"

"Ni kama mjumbe wa nyumba kumi," alisema Hezron. "Barua ikija, anaangalia: mtu huyu ni wa nyumba zangu? Kama ni wake, anampelekea. Kama si wake, anarudisha: mtu huyo hatumjui."

Fausta alifunga kitabu. "Wewe ungezaliwa kwa wenye nacho, ungekuwa waziri."

"Mungu apishe mbali."

Hapo ndipo Fausta alipomwona akicheka kwa mara ya kwanza, na jino moja la pembeni halikuwepo.

Jina la kwanza Hezron aliloandika ndani ya ile mashine baada ya la bosi lilikuwa *fausta*. La tatu lilikuwa lake mwenyewe. Mchana ule wa kwanza, wakiwa wamekaa meza mbili zilizotazamana, Fausta alimtumia imeili: *Mzee wa waya, umekula?* Hezron akatumia dakika kumi kutafuta herufi: *Bado. Nakungoja.* Wakaenda pamoja kula wali na kumbikumbi kwa mama mmoja nyuma ya stendi, na Wazambia waliokaa benchi la pili wakawasalimu, "Muli shani?" na Fausta akawajibu, "Bwino," kwa wote wawili, kama mke anavyojibu kwa niaba ya nyumba.

*

Januari bosi alifungua ofisi ndogo Itumba, kule milimani Ileje, ili kukamata mizigo ya Malawi. Fausta ni Mndali, baba yake yuko hukohuko. Nani mwingine angepelekwa?

Mtaalamu aliletwa kutoka Dar es Salaam, kijana wa tai na manukato. Akasema ofisi ya Itumba isitegemee seva ya Tunduma, maana umeme wa Tunduma ni wa kubahatisha. Masanduku ya Itumba atayaweka kwenye seva kubwa ya kukodi, huko ng'ambo, lakini jina la kampuni litabaki lilelile moja. Akafanya ya kwake, akaacha karatasi ya maelekezo matatu kwa Kiingereza, akala kuku wa bosi na kupanda basi.

Fausta alimsomea Hezron karatasi ile siku ya mwisho, vitabu vyake vikiwa vimeshafungwa kwenye boksi.

"La kwanza. Iambie seva yako kwamba jina hili si lake peke yake. Kuna nyumba ya pili."

"Sawa. Asiyemjua, asimkane."

"La pili. Yule aliyehamia nyumba ya pili, sanduku lake la hapa ulifute. La tatu. Uionyeshe seva njia ya kwenda nyumba ya pili." Akaikunja karatasi. "Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Utaniandikia?"

"Kila siku."

"Muongo. Herufi moja unaitafuta dakika nzima."

"Basi kila siku barua fupi."

Alipoondoka, Hezron alifanya la kwanza. Akafanya la tatu. Akaandika barua ya kujaribu kwenda sanduku la ofisi ya Itumba, na mlinzi wa kule akapiga simu kwamba imefika. Likabaki la pili. Aliliona jina la *fausta* kwenye orodha, akaweka mshale juu yake, na mashine ikamuuliza kama ana hakika anataka kufuta. Alikaa hapo hadi chai ikapoa. Kisha akaondoa mshale.

*Nitafuta kesho,* alijiambia. Kesho ile haikufika.

*

Itumba mtandao wa simu ni wa kuwinda. Fausta alikuwa akipanda mpaka kwenye mwamba mmoja juu ya ofisi za wilaya, anasimama mguu mmoja mbele kama anayerusha mkuki, ndipo Tunduma inapatikana.

"Mzee wa waya!"

"Mpenzi wangu wa milimani. Huko baridi?"

"Baridi ya kung'ata. Nimevaa masweta mawili na kanga. Barua zangu unazipata?"

"Nazipata zote. Nazisoma mara mbilimbili."

"Mh." Upepo ulivuma kwenye simu. "Unazisoma."

"Nazisoma, mpenzi."

Na simu ikakatika. Hezron aliilaani kampuni ya simu na waliyoipa leseni. Hakujua kwamba kwenye mwamba ule Fausta alibaki ameshika simu, akijiuliza ni mwanaume gani anayesoma barua mara mbilimbili asijibu hata moja. Barua za wateja wa Karonga zilikuwa zikimfika siku hiyohiyo. Za Hezron, hata moja. Na hati za mizigo hazikuwahi kuwatoa tongotongo wakaona kuna kasoro, maana zilitaka mhuri wa wino, zikaenda na bahasha kwa kondakta.

Hezron naye alikuwa akimjibu kila jioni, kabla ya kufunga ofisi, herufi moja baada ya nyingine. Alimweleza habari za foleni, za betri, za paka aliyezaa ndani ya boksi la fotokopi. Na siku ya thelathini aliandika lile alilolibeba tangu Desemba.

Kwao Nanyala, mshenga akikataliwa haambiwi hapana. Hukaribishwa, hulishwa, husindikizwa, na lile alilojia halijibiwi. Anaporudi mikono mitupu, nyumba mbili zinaendelea kusalimiana bila aibu. Hezron alikuwa mtu wa desturi, tena mwoga. Akaandika: *Fausta, mimi ni mjane, sina shule, nina kibanda na uchungu mwingi. Nakuomba uwe mke wangu. Ukikubali nijibu. Ukikataa usiseme kitu, uninyamazie kwa jambo hili, na tuendelee kuongea kazi kama zamani.*

Akangoja. Wiki ikapita, kisha ya pili. Fausta akaleta barua moja tu, kavu: *Bahasha ya lori la mbolea imefika.* Hiyo ni kazi. Hilo ni jibu.

Simu ilipoita akaiacha iite. Ilipoita mara ya saba akapokea.

"Hezron, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Mbona hupokei?"

"Kazi nyingi, dada Fausta."

"*Dada?* Mimi leo ni dada yako?"

"Nimekuelewa, Fausta. Nakuheshimu. Hukutaka kunitia aibu, nami sitaki kukusumbua."

"Umenielewa nini? Sema Kiswahili!"

"Yaliyoandikwa yameandikwa."

"Wewe mwanaume," alisema Fausta polepole, na sauti yake ilichoka ghafla, kama mtu aliyetua mzigo na kukuta hajafika, "kama umepata mwingine huko mpakani, ungeniambia nikaacha kupanda huu mwamba. Kampuni ya Karonga inanitaka kazi. Wanataka jibu kabla ya Ijumaa. Nilikuwa nangoja neno moja kutoka kwako."

Simu ikakatika. Hezron hakujua ni mtandao au ni mkono.

Usiku hakulala, mchana hakula. Alijisemea ni wao: ni yule aliyemhamisha Fausta, ni waliosomesha watu wakawafundisha dharau. Mwanamke wa chuo atamfanyia nini wa darasa la saba?

*

Alhamisi mvua ilivunja barabara ya Mpemba. Hakuna basi dogo lililopanda Ileje. Bosi Abdulswamad, aliyekuwa na lori la vipuri limekwama kwa Wamalawi, akaamuru kwa mara ya kwanza hati ipigwe picha na kutumwa kwa imeili. Kuhusu mhuri wangeelewana baadaye. Hezron aliituma saa tatu. Saa tano akaituma tena. Saa saba bosi alitoka chumbani kwake, kofia ya kiua imekaa upande.

"Fundi! Fausta anasema hajaona kitu."

"Ni mtandao wa kule, bosi. Serikali gani inaweka mnara mmoja wilaya nzima?"

"Mtandao gani, bwana we! Sasa hivi ananisomea barua ya Mmalawi iliyomfika robo saa iliyopita. Za Lilongwe zinafika, za hapa Tunduma zinapotelea wapi? Zinaliwa na fisi?"

"Mtaalamu wenu wa Dar aliharibu."

"Mtaalamu ameharibu, serikali imeharibu. Na wewe, Hezron, una miaka yote hiyo duniani, hujawahi kuharibu hata kikombe?"

Bosi akaufunga mlango. Hezron alikaa mbele ya mashine. Za Lilongwe zinafika. Barua ya kujaribu ilifika, kwenye sanduku la ofisi. Kwa hiyo njia ipo. Kwa hiyo seva inajua kuna nyumba ya pili, na barua ya mtu isiyemjua inaipeleka huko. Isipokuwa…

Isipokuwa kama inadhani inamjua.

Alifungua orodha. *abdulswamad. fausta. hezron.* Jina lilikuwa limekaa pale alipoliacha, zuri, halina kosa. Akalibonyeza. Sanduku likafunguka: barua thelathini na mbili, hakuna iliyosomwa. Hati ya vipuri, mara mbili. Chini yake barua ya posa. Chini yake paka aliyezaa kwenye boksi. Chini kabisa, ya siku ya kwanza: *Leo kiti chako kimekaa kitupu.*

Mjumbe hakuwa na kosa. Aliletewa barua ya Fausta, akaangalia orodha, akamkuta, akampelekea kwenye nyumba aliyokwisha kuihama. Kila jioni kwa mwezi mzima. Na aliyeliacha jina orodhani hakuwa waziri, hakuwa mtaalamu wa tai, hakuwa mwenye umeme. Hezron alitafuta kichwani mtu mwingine wa kumtwika, akazunguka, akarudi palepale kwenye mkono wake ulioshika kipanya.

Akazitoa barua zote thelathini na mbili, akaziweka pembeni. Akaweka mshale juu ya jina. Mashine ikamuuliza kama ana hakika.

"Nina hakika," alisema kwa sauti, akabonyeza, na *fausta* akatoweka Tunduma.

Kisha akaanza kuzituma upya, moja baada ya nyingine, ya vipuri kwanza kwa sababu ni ya bosi, halafu nyingine kwa mpangilio wa siku. Laini ilikuwa nzito. Ya posa ilipofika zamu yake alisita. Akaiacha iende na maneno yake yote ya woga.

*

Saa kumi na moja kasoro simu iliita. Upepo ulikuwa ukivuma kwenye mwamba.

"Hezron."

"Fausta."

"Nimesoma kuanzia saa nane. Mlinzi anadhani nimefiwa." Alivuta kamasi. "Paka alizaa wangapi? Hukusema."

"Wanne. Mmoja alikufa."

"Zilikuwa wapi?"

Angeweza kusema mtandao. Lilikuwa mdomoni tayari, limezoea njia.

"Zilikuwa kwenye sanduku lako la zamani. Karatasi ilisema nilifute. Nilielewa vizuri. Sikulifuta. Nilipenda kuliona jina lako. Kosa ni langu."

Hezron alimsikia Fausta akibadilisha mguu juu ya mwamba.

"Mjinga wewe," alisema taratibu, kama anayempapasa mtu kichwa. "Na hiyo ya nikikataa ninyamaze, ulijifunza wapi?"

"Ni desturi ya kwetu."

"Desturi ya kwetu, mtu anakuja na mdomo wake. Nimelia mwezi mzima kwa ajili ya adabu zenu za Nanyala! Nilidhani umepata Mzambia mwenye makalio."

"Nikampatie wapi na suruali hii?"

Alicheka, kicheko kilichochanganyika na kilio. Kisha akashusha pumzi. "Hezron, Karonga nimewajibu jana. Nimekubali. Mwaka mmoja."

Hezron aliegemea ukuta. Nje, dereva mmoja alipiga honi ndefu isiyo na matumaini. Ijumaa ilikuwa kesho, na yeye alikuwa amechelewa kwa siku moja tu, baada ya kuchelewa mwezi na nusu.

"Mwaka," alisema.

"Mwaka. Nimeshatoa neno langu, silirudishi. Lakini Karonga si mwisho wa dunia, ni kuvuka mto Songwe tu. Na baba yangu haendi Karonga, baba yuko hapahapa Itumba. Barabara ikipona, njoo. Njoo mwenyewe, na mshenga anayejua kusema. Akinyamaza huyo, nitamfukuza na fagio."

"Hilo ni jibu?"

"Unataka nikuandikie? Ukalifungie tena sandukuni?"

"Hapana, hapana. Nimesikia." Alijifuta uso kwa mkono wenye wino. "Fausta, kuna jambo lingine. Namba ya Anastazia ipo kwenye simu yangu hadi leo. Ya kwanza kabisa. Nayo niifute?"

Upepo ulipita katikati yao, kutoka milima ya Undali mpaka kwenye vumbi la mpakani.

"Hiyo iache," alisema Fausta. "Yeye hakuhamia nyumba nyingine ambako barua zinamngoja. Mimi nimehama. Mimi unifuate."

Simu ikakatika. Safari hii Hezron hakumlaani mtu. Alirudi kwenye mashine, akaandika neno *Karonga* kwenye kipande cha karatasi ya fotokopi, akakibandika ukutani. Halafu akaenda kumgongea bosi mlango, kuomba ruhusa ya siku mbili, na kumwambia, kabla hajaulizwa, zile hati zilikuwa zimepotelea wapi.